Uso Wangu Kwenye Lori la Osborn

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta kwenye usukani wa trela la saruji, wipa moja mbovu, na mtu wa mbele yangu amelala. Mama anasema nikifika nyumbani naongea peke yangu kama mwendawazimu, na heri niongee na karatasi. Haya basi, karatasi, kaa nikwambie.

Kazi yangu ni kusogeza. Madereva wa masafa marefu wakifika hapa Busia wakute foleni ya kuvuka Uganda imefika mbali, hushuka waende kuoga, kulala na kuhangaika na makaratasi ya forodha. Mimi ndiye hubaki nikilisogeza lori kila foleni inaposogea. Wasogezaji ni wengi, mwanamke ni mimi pekee. Leseni yangu ni ya magari madogo, lakini kwa mwendo huu wa kinyonga hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimekuwa mwanamume.

Nilikuwa kwenye lori la Osborn, yule mteja wangu mcheshi wa Kakamega. Yeye alikuwa gesti, amezima kama mshumaa. Akaja kijana wa kampuni yao, jina lake Trevor, koti la mvua hadi magotini, tableti mkononi kwenye mfuko wa nailoni. Anapita lori kwa lori akifunga kamera ndogo juu ya kioo, inayomtazama dereva usoni. Ikikuona unasinzia inapiga kelele. Ukishika simu inapiga kelele. Na kila kitu inakituma ofisini.

Nikamwambia, "Dereva hayuko, amelala."

"Dada, kwa usukani ameketi nani?"

"Mimi, lakini..."

"Basi angalia hapa. Nina malori mengi na nimelowa. Geuka kushoto. Kulia. Fungua mdomo. Dereva wa hili lori anaitwa nani?"

Nikasema Osborn. Akaandika Osborn. Kitaa kikawaka kijani, naye akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Osborn amecheka hadi machozi. Kisha akaketi kwenye usukani, na ile kamera ikaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa vibaya: dereva hatambuliki, dereva hatambuliki. Akapiga simu ofisini, akaambiwa amngoje Trevor, na Trevor ameshakwenda Malaba.

"Madam Brigi, niokoe," akasema. "Nipatie picha yako moja kubwa."

Tukaenda studio, nikapigwa picha, ikatolewa kubwa kama sahani. Akaifunga kwa kamba ya kiatu kwenye kiti, karibu na sikio lake, ikiitazama kamera. Mbuzi akanyamaza. Osborn akapiga honi mara mbili na kuondoka na uso wangu, nami nikabaki barabarani nikicheka na soda mkononi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa. Mvua. Dengu.

Jumamosi, 22 Machi

Osborn amerudi kutoka Kampala. "Ofisi wamenipa hongera," anasema. "Eti safari nzima dereva hakupiga hata mwayo mmoja!"

Kila mtu alicheka isipokuwa Mzee Engole. Huyu ni wa kabila la Wateso, upande wa Tororo kule Uganda, anaendeshea kampuni hiyohiyo, na kwa kununa hana mpinzani. Kamera yake ameibandika plasta ya kidonda na ameshapewa onyo.

"We mama," akaniambia, "unacheka nini? Ile kitu nabeba uso yako nakwenda nayo. Unajua nafika wapi?"

Nikamwambia inafika Kampala, nami sijawahi kufika, kwa hiyo imenishinda. Hakucheka.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Nimesogeza lori mbili tu.

Jumatano, 2 Aprili

Mzee Engole amenieleza jambo ambalo sikulipenda. Anasema kule yadi yao ya Tororo kuna televisheni kubwa ukutani, na nyuso za madereva zimepangwa humo, kila uso na jina, namba ya simu, mahali anapolala, mahali aliposimama kukojoa. Mlinzi anaangalia. Mama anayeleta chai anaangalia. Mvulana wa kufunga matairi ameangalia akauliza, "Huyu Osborn mbona amesuka nywele?"

"Na namba ya simu ni ya nani?" nikauliza.

"Yako. We si ulimpa Osborn? Na Osborn ameambiwa ajaze dereva yake ya pili. Amejaza wewe, na jina yako, na nyumba ya mama yako."

Jioni nilimpigia Osborn nikamwambia arudishe picha yangu. Akasema, "Relax, madam, trip ijayo."

Alhamisi, 10 Aprili

Jino limemtesa Mama usiku kucha. Nimekaa naye, karafuu na maji ya chumvi, hadi alfajiri. Mvua haikukoma hata dakika.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika yote jinsi yalivyokwenda.

Usiku wa juzi, wakati nampa Mama maji ya kusukutua, lori lilimgonga mtu kwenye barabara ya Mbale, ng'ambo, upande wa Merikit. Anaitwa Jovan. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mihogo. Lori halikumchukua, liliondoka. Engole anasema Jovan yuko hospitalini Tororo, hasemi, anapumua tu.

Leo mchana nimepigiwa simu na Trevor. Mimi na Trevor hatujawahi kupeana namba.

"Bridgit, ni wewe uliyekuwa ukiendesha Jumatano usiku?"

"Kuendesha nini? Mimi nilikuwa nyumbani na Mama."

"Sistimu inaonyesha dereva wa lori la Osborn ni wewe. Kutoka Malaba, hadi Merikit, hadi mbele ya Mbale. Uso wako hauondoki hata mara moja."

"Ni picha, Trevor! Ni picha imefungwa kwa kamba ya kiatu!"

Nikasikia anaandika. "Unasema ulishirikiana na dereva kudanganya kifaa?"

Nikakata simu. Kisha nikajuta, kwa sababu mtu anayekata simu anaonekana ana hatia. Nikampigia tena, hakupokea. Osborn simu yake imezimwa. Nimemwuliza Mama kama anakumbuka usiku ule nilikuwa naye, akasema, "Mwanangu, nitakusahau vipi? Lakini nani atamwuliza mama mtu?"

Jumamosi, 12 Aprili

Osborn hapatikani.

Jumapili, 13 Aprili

Hapatikani.

Jumatatu, 14 Aprili

Picha yangu iko kwenye simu za watu.

Nilikwenda kazini kama kawaida. Kwenye kibanda cha soda wanaume watatu walikuwa wameinamia simu moja, wakainua macho kunitazama, wakainama, wakainua tena. Mmoja wao ni mtu ninayemsalimu kila siku. Leo hakunisalimu. Msogezaji mwenzangu ndiye aliyenionyesha. Si ile picha ya studio. Ni ile aliyonipiga Trevor, mdomo wazi, macho yamenitoka, sura ya mtu mbaya kabisa. Chini yake wameandika: Huyu mwanamke amegonga mtu Merikit akakimbia. Anaitwa Bridgit. Anaishi Burumba. Mama yake anauza dagaa za omena karibu na kinu cha posho.

Kinu cha posho! Nani aliwaambia habari za kinu? Hayo yote yametoka kwenye kumbukumbu za kampuni, kwenye ule ukuta wa Tororo unaotazamwa na kila apitaye. Nilijifunga leso hadi puani nikarudi nyumbani kwa vichochoro. Naogopa. Sina neno jingine.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda polisi upande wetu. Afisa amesikiliza vizuri, kisha akasema tukio ni la Uganda, ningoje waandike barua. Nilipokuwa nikiinuka akauliza, "Na wewe unaendesha malori kwa leseni ya daraja gani?" Nikasema nimeisahau nyumbani. Sitarudi pale.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Jovan bado anapumua. Engole hupita hospitalini kila akiwa Tororo na kuniambia. Namwombea kila saa. Mwanzoni nilimwombea ili aamke aseme ukweli. Siku hizi naona uso nisioujua kwenye mto, na namwombea tu.

Jumanne, 22 Aprili

Wanaume wawili wamefika kwa Mama sokoni. Wamenunua omena, wamelipa, kisha mmoja akatoa simu. "Mama, huyu msichana ni wako?"

Mama akamwambia, "Simjui."

Amerudi nyumbani mapema, beseni limejaa, ameketi kitandani na kulia. Amesema ameniuza. Nikamwambia ameniokoa. Hakutaka kusikia, akawa anarudia tu, simjui, simjui, nilisema simjui. Kesho anakwenda kwa dada yake Bungoma. Mimi nabaki, mlango nimeusukumia kabati.

Jumatano, 23 Aprili

Osborn amepiga kwa namba ngeni.

Sijui nilitaraji nini. Nadhani nilitaraji alie. Badala yake alikuwa na sauti ileile ya kuagiza chai.

"Madam Brigi, sikia. Ilikuwa mvua, sikumwona. Nilishuka nikamwangalia, nikaogopa watu watanichoma. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuwa mimi? Osborn, imeshakuwa mimi!"

"Ndio nakuambia. Wewe kubali tu. Wewe ni mwanamke, na korti huwa inahurumia mwanamke. Mimi niko na watoto wanne. Kampuni iko na insurance, watamaliza hii maneno."

"Na wale watu wanaonitafuta nao wana insurance?"

"Hao watachoka."

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa Mama husoma. Kwa muda wote huo nilimwona Osborn mtu mwema kwa sababu anachekesha. Kumbe anachekesha ili usimtazame vizuri.

Jumatatu, 28 Aprili

Jovan amefariki alfajiri.

Jumanne, 29 Aprili

Trevor ameandika ujumbe: Ofisi imewapa polisi wa Tororo rekodi yote. Tafadhali toa ushirikiano. Chini ameweka alama ya mikono inayosali.

Alhamisi, 1 Mei

Mzee Engole amekuja. Amegonga mlango nami nikajificha nyuma ya pazia la jikoni hadi alipokohoa kile kikohozi chake cha sigara.

Hakutaka kuketi. "Mimi nakwenda Merikit Jumamosi," akasema. "Wanazika Jovan. Baba yake, Ofumbi, mimi najua yeye zamani. We utakwenda na mimi."

Nikamwuliza kama ametumwa kuniua.

"Sikiliza, mama. Kwao, mtu ameua mtoto ya nyumba hawezi kula chakula ya nyumba hiyo. Akikula anakufa, ama anatapika mbele ya watu. Watoto yote wanajua. Mashini naweza sema chochote. We kwenda, kula, wao waone."

"Na wakinipiga kabla sijala?"

Akawasha sigara kwanza. "Wakuwe wanapiga, watapiga sisi wawili."

Mtu huyu nilikuwa nikimwita mnunaji.

Ijumaa, 2 Mei

Sijalala. Nimempigia Mama Bungoma nikamdanganya kwamba foleni ni ndefu na kazi ni nyingi. Nikibaki hapa, siku moja watasukuma hili kabati. Nikienda, itakuwa kesho na nitakuwa nimekwenda kwa miguu yangu. Naona heri kesho.

Jumapili, 4 Mei

Naandika nikiwa kwa Engole, Tororo. Mimi ni mzima. Naandika neno hilo tena ili niliamini. Mimi ni mzima.

Jana tulifika Merikit mchana, matope hadi kwenye vifundo. Nilivaa gauni la kanisa. Engole alisema nisijifunike uso, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Watu walikuwa wengi chini ya maturubai, wengine wanaimba. Tulipoingia uani, nikaona simu ya kwanza inatolewa. Kisha ya pili. Hakuna aliyepiga kelele. Wimbo ulikatika tu, kuanzia nyuma hadi mbele, na nikasikia mtu akisema kwa Kijopadhola, lugha yao, maneno nisiyoyaelewa, na jina langu katikati yake.

Kijana mmoja alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. Engole akaupiga ule mkono kama mtu anayefukuza kuku. Akasema kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Ofumbi! Nimeleta yule wa simu. Amekuja kula kwako."

Mzee Ofumbi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mwembamba, koti kubwa. Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole, nikayasahau yote. Nikapiga magoti, goti likazama kwenye tope, nikasema, "Baba, sikumgonga mwanao. Naomba chakula."

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wengine wakasema nitolewe nje. Mzee akainua mkono. Akaitisha maji, nikanawishwa. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akatoka na ugali wa wimbi na mboga iliyoungwa kwa simsim, akaweka mbele yangu chini kwenye mkeka, akarudi kwenye kiti chake.

Sikuwa na njaa. Tangu Alhamisi sikuwa nimemeza chochote zaidi ya chai. Nikaanza kufikiri: je, nikitapika kwa woga? Nani atajua ni woga? Simu zilikuwa zimeniinukia pande zote, zinanirekodi. Nikamega tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Lilikwama. Nikalisukuma kwa nguvu hadi machozi yakanitoka. Tonge la pili. La tatu. Kijana aliyenishika mkono alichuchumaa mbele yangu akinitazama kooni. Nilikula hadi sahani ikaisha na nikaipangusa kwa kidole, na tumbo langu, ambalo kwa kawaida husumbuliwa hata na maharagwe, likatulia.

Kisha msichana mmoja mwenye kanga kiunoni akatoka ndani. Ni Harriet, dada yake Jovan.

"Huyu hapana yeye," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma ya Jovan na taa. Ile dereva alishuka. Mwanaume, na kofia. Alimulika Jovan na simu, akasema 'Mungu wangu', akapanda lori. Mimi naona yeye na macho yangu."

Baba yake akamgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Polisi alikuja na picha. Alisema, dereva ni huyu. Wewe mwenyewe ulisema, dereva ni huyu. Mimi nikasema labda macho yangu ndiyo mbaya." Akaanza kulia. "Wote mlikuwa naangalia simu."

Mzee Ofumbi alitoa simu yake ya mfukoni, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kufuta picha, maana hakujua. Nikamfutia. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya simsim, ikabidi nibonyeze mara mbili. Akasema, "Yangu imekwisha. Ya hawa wengine, mwanangu, mimi siwezi." Tukakaa hadi Jovan akazikwa, nami nikatupa udongo wangu kama wengine.

Jumatatu, 12 Mei

Harriet ameandikisha maelezo polisi. Osborn amejisalimisha Tororo, amepelekwa na pasta wake. Mama amerudi kutoka Bungoma na kuipanga omena mahali pake palepale.

Jumanne, 20 Mei

Niko Tiira, upande wa Uganda, kumsalimia binamu yangu, nikidhani huku hakuna anayenijua. Mwanamke anayeuza chapati kwenye mashimo ya dhahabu amenitazama, akatazama simu, akaita mwenzake. Nimeondoka bila chenji yangu.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua zinapungua. Engole amefutwa kazi kwa sababu ya plasta yake. Anasema amepumzika. Namletea omena.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimekwenda ofisini kwa Trevor, yadi ya Tororo. Nimeuona ule ukuta kwa macho yangu. Nilikuwa pale, safu ya tatu, mdomo wazi, chini yake Osborn.

Trevor alikuwa mpole sana, akanipa kiti na maji. Akasema kampuni inasikitika na iko tayari kuniondoa. "Ni dakika tano tu. Keti hapa, uangalie kamera."

"Kamera ya nini? Nimekuja kufutwa."

"Lazima sistimu ithibitishe ni wewe unayeomba. Italinganisha uso. Halafu alama za vidole, kitambulisho, na mahali unapoishi sasa, kama umehama."

"Trevor, hiyo mashine ilinijua vya kutosha kunifanya muuaji. Leo hainijui?"

"Dada Bridgit, usipothibitisha, siwezi kubonyeza. Utabaki pale."

Nikatazama ukutani. Nikamfikiria mwanamke wa chapati, na wale wengine wote nisiowajua watakaonitazama mara mbili. Nikaketi. Nikageuka kushoto, kulia. Nilifumba macho, si kwa ujeuri, yalijifumba yenyewe.

"Fumbua, dada. Inakukataa."

Nikafumbua. Kitaa kikawaka kijani, na pale ukutani, safu ya tatu, nikatoweka. Pakabaki mraba wa kijivu. Nilitaka kufurahi. Nikamwuliza Trevor, hii picha uliyonipiga sasa hivi, na vidole vyangu, na nyumba, utavifuta lini?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Hivyo havifutwi," akasema. "Hivyo ndivyo ushahidi kwamba tulikufuta."